Mwachie Buibui Mpaka wa Shamba

Mkulima anayetaka buibui wamsaidie dhidi ya wadudu hana haja ya kuwafuga wala kuwahamisha kutoka porini. Wapo tayari kwenye mpaka wa shamba lake, katikati ya majani marefu, wakisubiri panzi na nondo. Kinachowapunguza mara nyingi si chuki ya mtu bali mpangilio wa kazi: palizi ikiisha, mpaka wote unafyekwa siku moja, mavuno yakiisha, mabua na majani makavu yanachomwa moto kwa mkupuo, wadudu wakionekana, bomba la dawa linapitishwa kila mahali. Mwongozo huu unamhusu buibui mmoja anayepatikana sehemu nyingi za dunia, na hoja yake ni moja: buibui huyu huishi au hutoweka kutegemea mashina yaliyosimama, kwa hiyo ukipanga vema lini ufyeke na wapi usifyeke, umeshafanya sehemu kubwa ya kazi ya kumtunza. Kazi hiyo haikugharimu fedha, ila inataka nidhamu ya kalenda. Inataka pia ujue sababu zake, kwa kuwa jirani atakuuliza kwa nini umeacha majani, na bwana shamba naye atakuuliza, na wote wawili watakuwa na haki ya kupata jibu.

Jina lake la kisayansi ni Argiope trifasciata. Hapa tutamwita buibui wa mistari. Jike aliyekomaa ana mwili wa milimita 15 hadi 25 hivi, bila kuhesabu miguu. Mgongo wa tumbo lake umepitiwa na mistari myembamba ya rangi ya fedha, njano na nyeusi inayokwenda kukingama, kifua kimefunikwa na vinyweleo vya fedha, na miguu ina mikanda ya giza na ya rangi hafifu inayopishana. Dume ni mdogo mno, milimita 4 hadi 6 tu, na asiyejua humdhania kuwa mtoto wa jike. Alama iliyo rahisi kuliko zote ni mkao: jike hukaa mchana kutwa katikati ya utando wake, kichwa kikielekea chini, miguu ameinyoosha jozi kwa jozi. Ukiugusa utando kwa ncha ya jani, huutikisa mbele na nyuma kwa kasi hadi umbo lake lififie machoni, au hujiachia akaanguka chini kwenye majani na kutulia huko.

Aliyemweleza kwanza katika maandishi ya sayansi ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus aliyesafiri na msafara wa Denmark kwenda Misri na Yemen. Forsskål alifia Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, msafiri mwenzake. Tangu hapo jina hilo limetumika kwa buibui wa Afrika, wa nchi za Mediterania, wa Mashariki ya Kati, Asia, Australia na Amerika. Lakini utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ukoo wa Amerika umetengana vya kutosha na ule wa Afrika na Asia, kiasi kwamba jina moja huenda linaficha spishi zaidi ya moja. Jambo hili halibadilishi namna ya kumtunza shambani. Linatukumbusha tu kwamba majaribio mengi yaliyofanywa kwa buibui hawa yalifanyika Amerika, na matokeo yake yanatufaa kama mwanga wa kufikiria, bado yakihitaji kupimwa kwenye mashamba yetu.

Kabla ya kuamua umwache nani, jifunze kuwatofautisha. Buibui mkubwa wa nyuzi za dhahabu, anayeonekana sana pwani na visiwani kati ya miti na nguzo za umeme, ana mwili mrefu, na nyuzi zake zinang'aa njano kwenye jua; huyo si huyu, ingawa naye hana madhara. Ndugu wa karibu wa buibui wa mistari wapo pia. Mmoja wao ana tumbo lenye ncha za mviringo pembeni, mwingine hupamba utando wake kwa alama ya msalaba. Wote unaweza kuwatunza kwa njia zilezile. Anayepaswa kuogopwa kwa kiasi ni mjane wa kahawia, anayeishi chini ya viti, kwenye pembe za choo, mabati na ndoo zilizoachwa. Utando wake hauna umbo la duara wala mpango unaoonekana, ni nyuzi zilizovurugika ovyo. Tumbo lake ni la mviringo na lina alama nyekundu au ya chungwa kwa chini, na mfuko wake wa mayai ni kijitufe chenye vijimiba. Kwa hiyo, kabla ya rangi, tazama utando. Duara lililosokotwa kwa mpango, limesimama wima katikati ya majani, na mwenyewe yuko katikati mchana kweupe: huyo usimuue.

Utando huo ndio ufunguo wa hoja yetu, hivyo inafaa tuutazame kwa makini. Buibui huanza kwa kuvusha uzi kutoka shina moja hadi jingine, akatengeneza fremu, kisha akatandaza nyuzi zinazotoka kitovuni kwenda ukingoni. Baadaye huzungusha uzi wa muda usionata, kama jukwaa la fundi, na mwishowe huuondoa huku akiweka uzi wa mzunguko unaonata, ambao ndio mtego wenyewe. Utando wa jike mkubwa unaweza kufikia upana wa sentimita 60. Duara la namna hiyo haliwezi kusimama pasipo nguzo. Linataka mashina mawili au zaidi yenye urefu na uimara wa kutosha, yakiwa na nafasi wazi katikati ambako wadudu hupita wakiruka. Majani yaliyofyekwa hadi usawa wa ardhi hayampi pa kufungia uzi wake wa kwanza. Kichaka kilichosongamana mno hakimpi nafasi. Anachopenda ni majani marefu yaliyochanganyika na magugu yenye shina gumu, mabua ya mahindi au mtama yaliyoachwa, na ua usiokatwa kila wiki. Ndiyo maana katika shamba lililosafishwa lote huwezi kumwona, hata likijaa panzi.

Kuna jambo jingine kuhusu utando ambalo mkulima anapaswa kulijua kabla hajashika bomba la dawa. Buibui wa tando za duara huula utando wao uliochakaa na kuutumia tena. Mwaka 1971 mtafiti David Peakall aliweka alama ya mionzi kwenye hariri ya buibui wa bustanini wa Ulaya, akaikuta ndani ya utando mpya muda mfupi baada ya ule wa zamani kuliwa. Kwa kiumbe anayejenga upya mara kwa mara, wengine kila siku, hiyo ni akiba kubwa ya protini. Lakini maana yake ni kwamba chochote kilichotua juu ya nyuzi huishia tumboni. Utafiti wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba tando za buibui hunasa vizuri sana matone ya dawa yanayopulizwa shambani, na katika jaribio jingine la miaka hiyohiyo dawa za kundi la pairethroidi zilivuruga ujenzi wa utando hata kwa kipimo kidogo. Ukiunganisha mambo hayo mawili unapata jibu kwa wanaosema, "Mimi sipulizi juu ya buibui, napuliza juu ya mazao." Matone yanayobebwa na upepo hadi mpakani yanakusanywa na utando, kisha mwenye utando anayala.

Katikati ya utando utaona mara nyingi mstari mweupe mzito uliopindapinda, umepanda na kushuka kutoka mahali alipokaa. Watafiti wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Mwaka 1983 Thomas Eisner na Stephen Nowicki waliweka mapambo ya bandia ya namna hiyo kwenye tando na kukuta ndege wanaziharibu kidogo kuliko tando zisizopambwa. Mwaka 1990 Catherine Craig na Gary Bernard walidai kwamba mapambo yanaakisi mwanga wa urujuanimno, ambao wadudu wengi huuona, na hivyo yanawavuta. Mwaka 1996 I-Min Tso, akimchunguza buibui huyuhuyu wa mistari, alikuta tando zilizopambwa zikikamata wadudu wengi zaidi. Miaka mitatu baadaye Todd Blackledge na John Wenzel, wakimchunguza ndugu wa buibui huyo, walikuta kinyume: tando zilizopambwa zilikamata wachache. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kulazimisha jibu moja, kwani buibui anaweza kulipa gharama ya mawindo machache ili apate usalama dhidi ya ndege, na mizani hiyo ikabadilika kulingana na mahali alipo. Kwa mkulima faida iko wazi bila kusubiri mjadala uishe: mstari huo mweupe ndio utakaokuonyesha utando kabla hujaupasua kwa paja au kwa panga.

Sasa tuje kwenye swali zito, kama anasaidia kweli. Pingamizi la kwanza lina nguvu, na halipaswi kukwepwa. Buibui wa mistari hachagui. Hukamata panzi, parare, nzi, nondo, vipepeo, mbawakawa, na pia nyuki na nyigu. Kiwavi anayetafuna ndani ya moyo wa mhindi hamfikii, kwa sababu kiwavi haruki. Viwavijeshi vamizi, walioripotiwa kwanza Afrika mwaka 2016 na kuenea Afrika Mashariki mwaka uliofuata, hawatakomeshwa na utando, hata tando zikiwa mia. Isitoshe, buibui hukua na kuzaa polepole kuliko wadudu wengi waharibifu, hivyo mlipuko wa ghafla wa wadudu humpita. Anayekuahidi kwamba buibui hawa watachukua nafasi ya njia zote nyingine anakupotosha.

Hata hivyo pingamizi hilo linampima buibui mmoja dhidi ya mdudu mmoja, na shambani mambo hayaendi hivyo. Martin Nyffeler na Klaus Birkhofer walikadiria mwaka 2017 kwamba buibui wote duniani huua tani milioni 400 hadi 800 za mawindo kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa wadudu. Kiasi hicho hakitoki kwa spishi moja. Kinatoka kwa mchanganyiko: wa tando za duara juu ya majani, wa kuruka kwenye mashina, wa kukimbia ardhini usiku. Susan Riechert na Leslie Bishop walilijaribu wazo hili katika bustani za mboga huko Tennessee, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Walipoweka matandazo na maua, buibui waliongezeka na uharibifu wa mboga ukapungua. Walipowaondoa buibui, nafuu hiyo iliondoka nao. Hilo la kuwaondoa ndilo linalonishawishi zaidi, kwani linaonyesha kwamba matandazo peke yake hayakutosha. Buibui wa mistari ana nafasi yake katika mchanganyiko huo: anawashughulikia wanaoruka na kurukaruka kati ya magoti na kiuno. Panzi, mawindo yake makubwa, ni wale wale wanaotafuna majani ya mazao yako, na nondo anayenaswa akitafuta pa kutagia hataacha mayai.

Mwenendo wake kwa mawindo unaonyesha alivyojiandaa kwa nondo hasa. Michael Robinson, aliyewachunguza buibui wa jamii hii huko Panama miaka ya 1960, aliona kwamba mdudu wa kawaida hufungwa kwanza kwa hariri pana kisha huumwa, lakini nondo na kipepeo huumwa kwanza. Sababu ni magamba ya mabawa yao. Yanabanduka na kubaki kwenye gundi huku mwenye mabawa akiponyoka, kwa hiyo kuchelewa hata kidogo ni kupoteza windo. Nadhani habari hii inatosha kumfanya mkulima asiupuuze utando ulioko karibu na mahindi yake.

Ushahidi wa karibu na nyumbani upo pia. Katika kilimo cha vuta-sukuma, kilichoendelezwa magharibi mwa Kenya tangu miaka ya 1990 na kituo cha utafiti cha icipe cha Nairobi pamoja na kile cha Rothamsted cha Uingereza, desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na matete au majani mengine ya malisho hupandwa kuzunguka shamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka Kenya na Afrika Kusini ulikuta buibui wa ardhini wakiwa wengi zaidi katika mashamba hayo kuliko katika mashamba ya mahindi peke yake. Hao si wa tando za duara, na sitaki kuulazimisha ushahidi huo useme zaidi ya ulichosema. Unachothibitisha ni kwamba mpangilio wa mimea unaweza kubadilisha idadi ya buibui bila mtu kuleta buibui hata mmoja.

Kwa hiyo anza na ukanda. Chagua upande mmoja au miwili ya mpaka, acha upana wa hatua mbili au tatu za majani marefu, na usiufyeke wote kwa wakati mmoja. Gawa urefu wake sehemu mbili. Fyeka sehemu ya kwanza, na ya pili iache hadi ya kwanza irudi kufika kiunoni. Ukifyeka, acha visiki vya urefu wa kiganja na baadhi ya mashina magumu yakiwa yamesimama. Buibui wadogo hawahitaji kuletwa. Wakitoka kwenye mfuko wa mayai hupanda kwenye ncha za majani, huachia uzi hewani na kuchukuliwa na upepo. Mwaka 1832 Charles Darwin aliwaona buibui wadogo wakitua juu ya meli ya Beagle umbali wa karibu kilomita 100 kutoka pwani ya Amerika Kusini, na mwaka 2018 Erica Morley na Daniel Robert walionyesha kwamba hata umeme wa hewani unaweza kuwainua. Kiumbe anayesafiri hivyo atalifikia shamba lako bila msaada. Atabaki au hatabaki kulingana na atakachokikuta.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni wakati wa mifuko ya mayai. Jike akishakomaa, kwa kawaida mvua zikielekea mwisho na majani yakiwa yamekomaa, hutengeneza mfuko wa hariri wenye rangi ya kahawia hafifu, uliobapa upande wa juu na kuchongoka upande wa chini, akautundika kwenye shina karibu na utando wake. Ndani yake mna mamia ya mayai. Jike mwenyewe hufa baada ya muda, mfuko hubaki. Sasa fikiria kalenda ya kawaida baada ya mavuno ya masika: kufyeka, kukusanya, kuchoma. Mayai yote ya mwaka huo yanaungua katika mchana mmoja, na mwaka unaofuata mwenye shamba anashangaa kuona tando chache. Ushauri wangu kwenye jambo hili ni mkali kuliko kwingine: usichome ukanda. Hata ukilazimika kuchoma mabua kwa sababu ya ugonjwa au wadudu wa shina, choma yale ya katikati ya shamba, na ukanda wa mpakani ulinde kwa kuusafishia ardhi kando yake moto usiufikie. Kabla ya kufyeka nusu ya ukanda, tembea polepole ukiyatazama mashina; dakika chache zinatosha kuiona mifuko.

Kuhusu dawa, sisemi usitumie kamwe. Kuna msimu ambapo bila dawa hutavuna kitu, na mkulima mwenye watoto wa kulisha hawezi kuhubiriwa juu ya buibui. Ninachosema ni kwamba upulize palipo na tatizo badala ya shamba zima. Upulize asubuhi au jioni upepo ukiwa umetulia, mbali na ukanda. Na uchague inayomlenga mdudu unayemtaka kila inapopatikana. Dawa zenye bakteria wa Bt, kwa mfano, huwaua viwavi wanaozila na kuwaacha buibui, ilhali pairethroidi huua karibu kila chenye miguu sita au minane. Ikiwa ukanda uko upande ambao upepo unavuma kuelekea, acha mistari miwili ya mwisho ya mazao bila kupuliza. Mistari hiyo miwili inaweza kuonekana kama hasara, lakini ndiyo inayolinda kilichobaki.

Pingamizi la nyuki ni la haki. Buibui wa mistari hula nyuki, na mfugaji wa nyuki hapaswi kuambiwa asijali. Utando unaosimama mbele ya mlango wa mzinga utakamata wengi kuliko unaosimama mita ishirini pembeni, kwa sababu wote wanaotoka na kuingia hupita njia moja. Basi acha majani yaliyo mbele ya mizinga yakiwa mafupi, na ukanda uweke nyuma au upande mwingine wa shamba. Kwingineko, idadi ya nyuki wanaonaswa ni ndogo ukiilinganisha na walioko kwenye kundi moja lenye afya, na maua ya ukandani yanawalisha hao nyuki.

Pingamizi la nyoka linasikika zaidi, na mimi nakubaliana nalo kwa sehemu kubwa. Majani marefu karibu na nyumba, choo, kisima au njia ya watoto hayafai, hata yakiwa na buibui elfu. Weka ukanda mbali na mahali watu wanapopita usiku, na uvae viatu vya kufunika mguu unapoukagua. Kuhusu magugu, usikubali kila kinachoota kiachwe kwa jina la buibui. Kiduha, kinachonyonya mizizi ya mahindi na mtama, king'olewe kabla hakijatoa mbegu popote kilipo. Magugu yanayomwaga mbegu nyingi shambani nayo yapunguzwe. Acha majani yenye mizizi ya kushika udongo na mimea michache yenye maua. Ukipanda matete au desmodiamu utapata na chakula cha mifugo, ila matete usiyakate yote kwa siku moja.

Hofu ya sumu nayo huwaua buibui wengi. Buibui wa mistari ana sumu kama buibui karibu wote, lakini haimdhuru binadamu kwa kiasi cha kuhofia. Haumi mpaka abanwe mkononi au kwenye nguo, na maumivu yake hulinganishwa na ya kuumwa na nyuki. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi. Ukiona misuli inakaza, jasho linatoka bila sababu, au maumivu yanasambaa tumboni na mgongoni, nenda kituo cha afya, kwani hapo huenda aliyekuuma ni mjane na si huyu. Mtu aliyewahi kuvimba vibaya baada ya kuumwa na nyuki au nyigu asikague tando kwa mikono mitupu. Katika familia nyingi za Kiislamu watoto tayari wanaijua simulizi ya utando wa buibui uliomficha Mtume kwenye pango la Thawr wakati wa Hijra, na wamefundishwa kutomuua ovyo. Heshima hiyo ni msingi mzuri wa kuanzia nao ukiwaeleza kuhusu wa shambani.

Ili ujue kama unayoyafanya yanafaa, hesabu. Chagua urefu uleule wa ukanda, tuseme hatua hamsini, na upite asubuhi na mapema umande ukiwa bado kwenye nyuzi na jua likiwa chini mbele yako. Hapo kila utando unang'aa. Andika idadi ya tando na idadi ya mifuko ya mayai, mara moja kila wiki mbili. Pita pia kwenye mpaka ulioufyeka wote, kama unao, ili upate cha kulinganisha. Usihukumu kwa msimu mmoja, kwa sababu mvua ikichelewa wadudu hupungua na tando nazo hupungua. Tazama pia kilichofungwa kwenye hariri. Ukikuta panzi na nondo wengi, unajua kazi inayofanyika. Ukikuta nyuki wengi, sogeza ukanda. Na ikitokea tando zote zimekuwa na mapengo na nyuzi zilizopotoka siku chache baada ya jirani kupuliza, una jambo la kuzungumza naye kwa upole, ukiwa na tarehe mkononi.

Mara nyingine ukanda hauna budi kuondolewa: barabara inapita, nyumba inajengwa, mpaka unabadilishwa. Usijaribu kuwahamisha majike wakubwa. Huumia, na wengi hawajengi utando mzuri mahali pasipowafaa. Hamisha mifuko. Kata shina zima lililobeba mfuko, chini kabisa, bila kuubandua, kisha lifunge wima kwa kamba kwenye nguzo ya ua au kwenye mmea mgumu wa mpaka mpya, kwa urefu uleule lilipokuwa, upande uliobapa ukiwa juu. Mahali hapo pawe pasipofikiwa na mbuzi wala moto. Mfuko wenye tundu dogo la mviringo huenda umetobolewa na nyigu vimelea au watoto wameshatoka. Huo uache ulipo. Mifuko mingine isambaze hatua kadhaa kutoka mmoja hadi mwingine, kwani watoto wa buibui hulana wakibanana, na hakikisha kuna majani marefu karibu na kila mmoja kabla mvua hazijaanza.